Kiti cha Safu ya Tatu

Sijawahi kuelezwa kwa nini mwanaume akitaka kununua gari hulipiga tairi teke kwanza. Nimeishi na mmoja zaidi ya miaka ishirini na mitano na bado sijui teke hilo humwambia nini. Siku tuliyokwenda kukagua lile gari kubwa walikuwa watatu: mume wangu, rafiki yake wa kanisani aliyejiita mtaalamu kwa sababu alikuwa amebadilisha magari matano, na fundi wetu wa pale Kitengela. Wote watatu walipiga teke, tena tairi lile lile. Mimi nilisimama kando na mkoba wangu, nikiwatazama, na hasira ilikuwa imeshaanza kunipanda. Kitu kimoja kilichokuwa kimetuleta pale walikuwa wamekisahau hata kabla ya kushuka.

Hatukuhitaji gari. Gari tulikuwa nalo, kachumba ka chuma ka safu mbili kalikokuwa kakitupeleka kazini na kanisani bila kulalamika. Tulichohitaji ni safu ya tatu ya viti. Hicho tu. Na safu hiyo haikuwa ya watoto wala ya mizigo, ilikuwa ya mama yangu.

Sisi ni watu wa magharibi ya nchi, ingawa tumezeekea Kajiado. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakai bega kwa bega. Wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Wakiwa na neno, wanampitishia mtu wa tatu, hata kama wote wawili wako pale pale na masikio yao ni mazima. Si chuki, ni heshima, na mama aliishika heshima hiyo bila kuilegeza hata siku moja. Gari la safu mbili kwake halikuwa gari la kupanda. Angekaa nyuma ya dereva, na kisogo cha mkwe wake kiwe hapa puani? Alisema afadhali atembee.

Basi tangu tuhamie Kitengela, miaka ya tisini, wakati mji wenyewe ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na nyumbu wakipita nyuma ya choo chetu, mama hakuwahi kupanda gari la mume wangu. Alikuwa akiishi Matasia kwa kaka yangu. Akitaka kuona wajukuu, alibadilisha magari mara tatu, akafika na vumbi hadi kwenye kope, akanywa chai jikoni na kurudi siku hiyo hiyo, maana kulala kwa mkwe nako hakuwezekani. Siku moja mvua inanyesha tulimkuta amesimama kwenye stendi ya Kiserian. Mume wangu akasimamisha gari. Mama akatupungia mkono twende. Tukaenda, viti viwili vikiwa vitupu, na mimi nikalia hadi Isinya.

Halafu binti yetu mkubwa akapelekwa bweni, shule moja ya huko Kajiado. Huyu nilimpa jina la mama yangu. Mama hakusoma. Baba yake alisema msichana akijua kuhesabu ng'ombe inatosha, kisha hakumfundisha hata hilo. Mtoto alipoanza kushika namba moja katika hisabati na kuitwa jukwaani siku ya zawadi, mama aliniambia anataka jambo moja kabla macho na magoti hayajamwishia. Anataka akae pale, asikie jina lake likisomwa shuleni. Hakusema jina la mjukuu. Alisema jina lake.

Mwaka wa kwanza hakufika, magoti yalikuwa yamevimba. Mwaka wa pili alifika Kiserian, magari yakakosekana, akarudi. Mwaka wa tatu mtoto alikuwa darasa la nane, na hapakuwa na mwaka wa nne.

Sitamnyima mume wangu haki yake. Wazo lilikuwa lake. Jioni moja aliweka gazeti chini akasema, mbona tusitafute gari la safu tatu, mama akae nyuma kabisa, wewe na watoto mkae katikati, mimi niwe mbele huko? Heshima iwe imekaa na mama awe amefika. Nilimpenda wiki nzima kwa wazo hilo. Nilimpikia kuku.

Kisha tukafika kwenye yadi ya kuuzia magari.

Pale yadi, kando ya barabara ile ile ya Namanga, kulikuwa na magari mawili ya safu tatu. La kwanza lilikuwa refu, limetulia, rangi ya maziwa yaliyoingia maji. Mlango wake wa pembeni ulifunguka kwa kuteleza hadi mwisho, sakafu iko chini, mtu anaingia kama anaingia nyumbani kwake. Nililipanda, nikatembea ndani nimeinama kidogo tu, nikaketi nyuma kabisa, nikanyoosha miguu. Nikawaita. Rafiki wa mume wangu alichungulia akasema hiyo ni gari ya kubeba maiti. Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, na nilipomwona anacheka nilijua tumeshashindwa.

La pili lilikuwa jeusi, limekaa kama fahali anayetaka kukupiga pembe. Lilikuwa na turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu. Neno hilo nililisikia siku hiyo mara nyingi kuliko nilivyosikia neno la Mungu mwezi mzima. Boneti ilifunguliwa, vichwa vitatu vikaingia ndani, na huko ndani kukaanza ibada. Fundi alivuta kijiti cha oili akakinusa. Mtaalamu akauliza kama shoki za kupunguza mtikiso ni zile ngumu za mashindano, akaambiwa ndizo, akaguna kwa raha. Wakasifu matairi, mapana na mafupi ubavuni, yanayoshika lami. Wakalala chini kuangalia eksozi. Wanaume wazima, wawili kati yao na tai shingoni, wamelala kwenye kokoto wakitazama bomba la moshi.

Hakuna aliyefungua mlango wa nyuma.

Nilisema, kwa sauti ya mwalimu maana mimi ni mwalimu, kwamba nataka tulijaribu barabarani na mimi nitakaa safu ya tatu. Mume wangu alisema sawa. Ili kufika huko ilibidi uvute kamba fulani, kiti cha katikati kiiname, uinue mguu mmoja juu hadi usawa wa kiuno, uupitishe kwenye pengo, ujipinde, halafu uuvute mguu wa pili ukifuata. Niliingia. Nilikuwa na miaka arobaini na magoti mazima na bado niliingia kama mwizi anayepita dirishani. Kiti kilikuwa karibu na sakafu, magoti yakanifika kifuani. Dirisha lilikuwa kioo cha kubandikwa, halifunguki. Mlango wa nyuma ulibebeshwa tairi la akiba na haukuwa na njia ya mtu.

Wakaliondoa. Tulipotoka nje ya mji na barabara ikanyooka kuelekea Isinya, mume wangu akakanyaga mafuta. Lazima niseme ukweli wote, la sivyo hasira hii yote haina haki. Gari lile liliruka. Kitu kilinisukuma mgongoni kwenye kiti, malori yakabaki nyuma, miti ya migunga ikageuka ukuta mmoja, na mimi, mama wa watoto watatu, nikacheka kwa sauti. Nilicheka kama mtoto kwenye bembea. Mume wangu aliniona kwenye kioo, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka kadhaa. Mtaalamu alikuwa akisoma mwendo kwa sauti, mia na ishirini, mia na arobaini, kama mtangazaji wa mpira.

Kisha tulipokaribia Kajiado tukaingia kwenye kipande kibovu. Shoki zile ngumu walizozisifu zikaleta kila shimo moja kwa moja hadi kwenye meno yangu. Niligonga kichwa mara mbili. Huko mbele hawakujua, maana viti vyao vilikuwa katikati ya gari na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ekseli. Wakasimama, wakashuka, wakaanza kupigapiga boneti kama watu wanaompongeza farasi. Mimi nilitoka kwa kutanguliza makalio. Hakuna aliyetazama, ila mume wangu aligeuka akauliza.

"Huko nyuma iko aje?"

"Iko sawa," nikasema.

Nimeyarudia maneno hayo mawili kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu dakika kumi kabla nilikuwa nacheka na ningeonekana kigeugeu. Kwa sababu sasa wanaume wote watatu walikuwa wamegeuka wakinitazama, wakingoja mwanamke alete shida. Kwa sababu alikuwa na furaha. Nilijiambia nitamweleza nyumbani polepole, na tulipofika nyumbani alikuwa ameshakubaliana na mwenye yadi kwa simu. Nilikasirika, nikamwambia kiti kile si cha mtu mzima. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba mtu aliyekikalia alisema kiko sawa.

Siku ya zawadi tulitoka Kitengela alfajiri kwenda Matasia kumchukua mama. Alikuwa amevaa gauni la Umoja wa Wamama, kitambaa cheupe kichwani, na viatu ambavyo kaka yangu alimpakia kiwi hadi viking'aa. Mume wangu alishuka, akasogea mbali hadi kwenye ua, akatupa mgongo, kama inavyotakiwa. Kaka akamwinua mama kwenye pengo. Ilituchukua muda. Nilisikia goti lake likilia. Mama alicheka kidogo, akasema kwa lugha yetu kwamba hajawahi kubebwa hivi tangu siku ya harusi. Alipokaa, magoti yakamfika kifuani, akayakumbatia.

Barabara ya kutoka Kiserian kwenda Isinya siku hizo ilikuwa mawe na vumbi. Nilimwomba mume wangu aende pole, na alienda pole, lakini gari lenyewe halikuumbwa kwa pole. Matairi yale ya ubavu mfupi yalikuwa yakihesabu kila jiwe. Watoto wawili niliokaa nao katikati walikuwa wakichezacheza. Mimi nilikuwa nimegeuka muda wote, nimeshika mkono wa mama. Kila aliporushwa alifumba macho. Nilipomuuliza kama tusimame alitikisa kichwa. Alisema tusichelewe jina.

Tulifika shuleni watu wameanza kuketi. Mume wangu aliegesha chini ya mti mwisho wa uwanja, akashuka, akasogea hatua zake ishirini na kutupa mgongo. Nikavuta kamba, kiti kikainama. Mama akajaribu kuinua mguu.

Haukuinuka. Goti lilikuwa limevimba kama boga na limekataa kukunjuka. Nilimshika kwapani nikavuta, akaguna maumivu, nikaacha. Nikajaribu upande wa pili. Walimu wawili wa kike walikuja wakasaidia, mmoja akavuta, mmoja akasukuma, gauni likapanda hadi mapajani na mama akalishusha haraka akitazama kule mkwe wake alikosimama. Yeye hakuwa anatazama. Askari wa getini, mzee wa Kimaasai, alikuja akanisalimia, akachungulia, akaelewa.

"Yeyo huyu atatolewa na wanaume wawili, mmoja ashike miguu," aliniambia, akimwita mama kwa Kimaasai. "Niite watu?"

Mama alisikia. Akasema hapana. Mbele ya uwanja mzima, mbele ya mkwe, abebwe kama gunia la viazi, gauni la kanisa limepanda? Hapana. Akaniambia niende kwa mtoto, niwachukue na wadogo, niache mlango wazi. Spika ziko juu ya nguzo, akasema, hata hapa zinasikika. Ni kweli zilisikika. Mwalimu mkuu alikuwa akikaribisha wageni na kila neno lilitufikia.

Nikampa maji, nikafungua milango yote minne, nikaenda. Nikipita karibu na mume wangu nilimwambia mama amekwama, abaki karibu na gari, asiende mbali. Alishtuka, nilimwona. Akasema atakaa pale pale. Na hivyo ndivyo alivyofanya, alikaa pale pale, ameligeuzia gari mgongo kwa heshima zote. Ndiyo sababu hakuna mtu aliyewahi kumlaumu. Heshima ilimtaka asimtazame mama mkwe wake, na kwa kutomtazama nusu saa nzima, akamsahau.

Nilikuwa chini ya tenti, safu ya wazazi. Walisoma washindi wa Kiingereza, wa Kiswahili, wa sayansi. Nikageuka nyuma kuangalia gari na nikaona watu. Baba wa watoto wengine, wanne au watano, wale ambao hawakai kwenye tenti siku za shule, walikuwa wamelizunguka. Boneti ilikuwa wazi. Mume wangu alikuwa katikati yao akionyesha kwa mkono. Nilisema moyoni kwamba hapana, haiwezekani, lazima mama bado yuko ndani na lazima mume wangu anajua yuko ndani.

Mwalimu wa hisabati akashika kipaza sauti. Akataja darasa. Akasema msichana huyu ameongoza muhula wote. Halafu akalisoma jina la mama yangu, majina yote mawili, polepole na vizuri, kama linavyotakiwa kutamkwa.

Na nyuma yangu gari likanguruma.

Walitaka kusikia turbo. Mtu alikaa kwenye usukani akakanyaga mafuta mara tatu, na mngurumo ule ukatoka chini ya mti ukapita juu ya uwanja hadi wageni wa meza kuu wakageuza shingo. Binti yangu alikuwa anapanda jukwaani. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimesimama, nimeligeuzia jukwaa mgongo siku ya mwanangu. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani, lakini siku hiyo nilijua jinsi watu wanavyofikia hapo.

Nilikata uwanja kwa miguu ambayo siikumbuki. Wanaume waliniona nikija na wakaanza kusogea mmoja mmoja, yule wa usukani akashuka. Nilishika boneti nikaiachia ikaanguka kwa kishindo. Mume wangu akasema pole pole, utaharibu.

"Mama yangu yuko ndani," nikamwambia. "Mnaonyesha watu gari na mama yangu yuko ndani."

Aligeuka. Akatazama nyuma bila kufikiri, moja kwa moja, kwenye safu ya tatu, akamwona mama na mama akamwona, kisha wote wawili wakatazama chini. Wale baba wengine walikuwa wameshatawanyika wakisalimiana kwa Kimaasai na Kikuyu kana kwamba walikuwa wakipita tu.

Binti yangu alifika mbio na zawadi yake, kamusi na bahasha, akapanda kiti cha katikati kwa magoti, akamkumbatia kukhu, bibi yake, juu ya mgongo wa kiti. Mama akamshika mashavu. Kisha akanigeukia.

"Bado hawajafika kwa jina letu?"

Mtoto alinitazama. Ni yeye aliyejibu kwamba wamesoma, kukhu, ndiyo hii zawadi. Mama akaipokea kamusi, akaigeuza, akaipapasa jalada lake. Akasema ni nzito. Akasema vizuri, vizuri sana.

Tulirudi kupitia njia ile ile. Tulipita Isinya, lami ikaisha. Mume wangu aliendesha kwa mwendo ambao hata punda angetupita, mikono yote miwili kwenye usukani, shingo imeingia mabegani. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, na yalikuwa mengi na machungu, nikingoja tu tumteremshe mama kwanza.

Lakini mama alinigusa bega kutoka nyuma. Hakunong'ona. Aliongea kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu ndani ya gari aliisikia, ila alinisemesha mimi, kama desturi inavyotaka.

"Mwambie baba watoto," alisema, "gari lake nimelisikia vizuri."

Nikageuka mbele, nikamwambia mume wangu neno kwa neno, naye alikuwa ameshayasikia. Nikangoja anipe jibu la kumpelekea mama kule nyuma.